Sanduku la Maswali: Samaki Adimu wa Mtoni Wanahesabiwaje?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: samaki wa asili waliokuwa wakionekana kila siku, sasa wamekuwa wa kutafutwa, na watu wanataka kujua wamebaki wangapi. Tumechagua maswali saba. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mwaka jana tulivuta wavu kwenye kipande chetu cha mto tukapata samaki 19. Mwaka huu, mahali palepale, tumepata 11. Je, tuandike kwenye ripoti kwamba wamepungua?
*Kikundi cha walinzi wa mto*

Msiandike bado. Samaki mliowanasa ni sehemu tu ya waliopo, na ukubwa wa sehemu hiyo hamuujui. Tuseme mwaka jana maji yalikuwa machache na wavu ukanasa nusu ya samaki waliokuwepo: basi walikuwa 38. Mwaka huu maji yamejaa, wavu ukanasa robo: basi wapo 44. Waliokuja wavuni wamepungua, walioko mtoni wameongezeka. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa kwenu, ila kwa takwimu mlizonazo hakuna awezaye kukanusha.

Kinachobadilisha sehemu inayonaswa ni kina cha maji, kasi yake, tope, joto, saa ya siku, ukubwa wa matundu ya wavu, na mikono ya wavuvi wenyewe. Timu mpya hukosa samaki wengi kuliko timu iliyozoea. Kwa hiyo kila mnapoingia mtoni andikeni: kimo cha maji, joto, umbali ambao jicho linafika ndani ya maji, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, urefu wa wavu na matundu yake, na mita mlizopita. Kimo cha maji ni rahisi: chora mistari ya sentimita kwenye nguzo ya daraja au jiwe lisilohama, uisome kila mara kutoka palepale. Na siku mliyopata sufuri iandikwe kama siku nyingine. Tumeona madaftari mengi ambayo siku za sufuri hazimo, na daftari la namna hiyo huonyesha samaki wapo tele hadi mwaka wanapokwisha.

Kupima kwa msimu uleule, kwa zana zilezile na kwa kimo cha maji kinachokaribiana kunapunguza tatizo. Hakuliondoi. Ili kuliondoa lazima mkadirie sehemu mnayoikosa, na hapo ndipo swali linalofuata linapoingia.

Nimesikia kuna njia ya kutia alama samaki, kuwaachia, kisha kuwanasa tena. Inafanyikaje hatua kwa hatua, na inahitaji samaki wangapi?
*Mwanafunzi wa uvuvi*

Wazo lake ni la zamani. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alilitumia kukadiria idadi ya watu wa Ufaransa, na kwa samaki linahusishwa na Mdenmaki C. G. Johannes Petersen, mwishoni mwa karne ya 19. Unanasa samaki, unawatia alama, unawaachia wachanganyike na wenzao. Unarudi, unanasa tena, unatazama wangapi wana alama. Ikiwa sehemu ya kumi ya wanaonaswa mara ya pili wana alama, basi wale uliowatia alama ni takriban sehemu ya kumi ya wote.

Kwa samaki wachache tumia kanuni iliyorekebishwa na mtaalamu wa takwimu Chapman, kwa sababu ile ya kawaida huzidisha idadi samaki wanaporudi wachache. Waliotiwa alama tuwaite W, walionaswa mzunguko wa pili P, na wenye alama kati ya hao R. Idadi ni (W+1) × (P+1) ÷ (R+1), kisha utoe 1.

Chukua mfano. Umetia alama samaki 48. Mzunguko wa pili umenasa 41, na 6 kati yao wana alama. Basi 49 × 42 ÷ 7 ni 294. Toa 1, unabaki na 293. Wengi huishia hapo na kuifunga ripoti, nalo ni kosa, kwa kuwa mashaka ya jibu hilo ni makubwa kuliko wanavyodhani. Yanapatikana hivi: zidisha (W+1), (P+1), (W−R) na (P−R), gawa kwa (R+1) iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, kisha kwa (R+2), tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hapa inatoka karibu 88. Ukizidisha kwa 1.96, namba ya kufikia uhakika wa asilimia 95, unapata 172, yaani samaki wako wanaweza kuwa popote kati ya 121 na 465. Sasa tazama kazi kubwa zaidi kwenye mto huohuo: W 98, P 83, R 27. Idadi ni 296, karibu ileile, lakini mashaka yameshuka hadi 75 kila upande: kati ya 221 na 371. Huo ndio utofauti wa kutia alama samaki 48 na kutia alama 98.

Kabla ya kuanza, piga hesabu ya unachohitaji. Samaki wenye alama utakaowapata tena ni takriban W × P ÷ idadi yote. Ukibahatisha kwamba wapo 300 na ukatia alama 50, itabidi unase 120 mzunguko wa pili ili upate 20 wenye alama. Chini ya 7 kanuni yenyewe huanza kupotosha. Kama huwezi kufika huko, ni heri usiwasumbue samaki. Tumia njia ya kuwepo au kutokuwepo tutakayoieleza mbele.

Kisha yapo masharti, na kila moja lina upande wake wa kupotosha. Alama zikidondoka, au samaki wenye alama wakifa kwa misukosuko ya kushikwa, jibu linakuwa kubwa kupita kweli. Samaki aliyewahi kunaswa akijifunza kuukwepa mtego, vilevile linakuwa kubwa. Akiupenda kwa sababu ya chambo, linakuwa dogo. Dawa iliyo rahisi kwa hayo mawili ni kubadilisha zana: mzunguko wa kwanza mitego, wa pili wavu wa kuburuta. Samaki wakubwa nao hunaswa kirahisi kuliko wadogo katika mizunguko yote miwili, na hilo hupunguza jibu. Kwa hiyo gawa samaki kwa urefu na ufanye hesabu ya kila kundi peke yake.

Muda kati ya mizunguko uwe siku chache hadi wiki mbili hivi. Ukirudi kesho yake, hawajachanganyika. Ukichelewa miezi, wengine wamekufa, wengine wamezaliwa, wengine wamehama. Waachie walipokamatiwa, wametawanywa kwenye kipande chote. Ukiwamwaga wote kwenye kilindi kimoja karibu na gari, wiki ijayo utawakuta hapohapo na hesabu itasema mto una samaki wachache kuliko ilivyo.

Samaki wetu mzima ana sentimita 6 tu. Alama gani inamfaa bila kumuua?

Kwa samaki wa kimo hicho, elastoma ya rangi inatumika sana: kimiminika kinachodungwa kwa sindano nyembamba chini ya ngozi angavu, kikaganda kama mpira laini, na kikang'aa kikimulikwa taa ya buluu au urujuani. Hutumika hata kwa samaki wa sentimita 3. Rangi 4 kwa sehemu 4 za mwili zinakupa makundi 16, kwa hiyo unaweza kutenganisha vipande vya mto na mizunguko. Ukishachanganya na kigandishi, iweke kwenye barafu, la sivyo itakugandia ndani ya sindano katikati ya kazi. Ngozi nyeusi huificha rangi. Chagua tumboni au chini ya taya.

Chipu ya kudunga humpa kila samaki namba yake, na hilo lina thamani kubwa kwa miaka mingi. Lakini chipu ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 0.1, na desturi ni kwamba alama isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Kwa hesabu hiyo samaki awe na gramu 5 au zaidi. Ipo ya milimita 8 kwa wadogo, ila kisomaji lazima kiwe karibu zaidi. Kwa humpback chub, samaki wa mto Colorado kule Marekani, chipu zilianza kutumiwa mwaka 1989, na takwimu zilizotokana nazo zilikuwa sehemu ya ushahidi wa kumshusha daraja la hatari mwaka 2021. Kupata jibu la namna hiyo kulichukua miongo mitatu.

Kukata ncha ya pezi ni rahisi, na kipande hicho hukupa sampuli ya vinasaba ukikitia kwenye ethanoli. Pezi huota tena, kwa hiyo ni alama ya wiki chache. Tunapendelea kuitumia pamoja na rangi: ukinasa tena samaki 30 wenye pezi lililokatwa na 27 tu wana rangi, umejua kwamba rangi inapotea kwa asilimia 10, nawe utairekebisha W kabla ya hesabu.

Kuhusu nusukaputi: mafuta ya karafuu hayayeyuki vizuri majini. Yachanganye kwanza na ethanoli, sehemu 1 kwa 9, kisha tia mililita 0.4 za mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Inakuja karibu miligramu 40 za mafuta kwa lita. Samaki anapaswa kulala ubavu ndani ya dakika 2 au 3. Jaribu kwa wawili watatu kwanza, kwa sababu joto la maji na aina ya samaki hubadilisha kipimo. Kifuniko cha matamvua kikiacha kupiga, mrudishe mara moja kwenye maji safi yenye hewa. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Mkono mkavu humvua ute unaomkinga na ukungu. Asirudishwe mtoni hadi aogelee wima na kukwepa mkono. Nchi nyingine haziruhusu dawa hii kwa samaki anayeweza kuliwa, na kibali cha kushika spishi adimu ni lazima karibu kila mahali.

Tumepata kibali cha kutumia mashine ya mgongoni ya kunasa samaki kwa umeme. Tumeambiwa tupite mara mbili na kutumia kanuni. Mbona mara nyingine inatoa majibu ya ajabu?
*Maafisa wa bonde la mto*

Kwa sababu kanuni ya mipito inategemea mpito wa pili utoe samaki wachache sana kuliko wa kwanza. Idadi ni mpito wa kwanza uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, ukagawanywa kwa tofauti ya mipito miwili. Mkipata 20 kisha 8, ni 400 ÷ 12, yaani samaki 33, na kila mpito unanasa asilimia 60 ya waliobaki. Mkipata 9 kisha 8, kanuni inasema 81. Mkipata 9 kisha 9, mnagawa kwa sufuri. Hayo ya ajabu ndiyo hayo, na kwa samaki adimu hutokea mara kwa mara kwa sababu wanaonaswa ni wachache mno.

Fanyeni mipito 3 au zaidi. Mpito wa tatu pia ni kipimo cha uaminifu: katika mfano wa 20 na 8, wamebaki karibu 5, kwa hiyo mtegemee 3 hivi. Wakitoka 9, kuna tundu kwenye nyavu za kuzibia au samaki walijificha wakati wa mpito wa kwanza. Zibeni juu na chini ya kipande kwa wavu wa matundu ya milimita 5, kamba ya chini mkiilaza kwa mawe bila kuacha pengo, na ondoeni majani kabla hayajaulaza wavu. Kati ya mipito mpumzike nusu saa hadi saa moja, na kila mpito uwe na jitihada ileile: watu walewale, dakika zilezile za umeme. Timu iliyochoka ikipita haraka mara ya pili, mpito utatoa wachache na hesabu itaaminisha kwamba mto umeisha samaki.

Hata mkifanya yote sawa, jibu huwa dogo kuliko ukweli. Wepesi kunaswa hutoka kwanza; wanaobaki ni wajanja, wadogo, au walioshtuliwa wakajichimbia chini ya mawe. Kama vipande vingi vina samaki wachache, viunganisheni kwenye modeli moja inayokadiria uwezekano wa kunasa kwa pamoja, badala ya kukokotoa kila kipande peke yake.

Umeme uwe wa mkondo mmoja, laini au wa mapigo. Ule wa kupishana huvunja uti wa mgongo. Anzeni na mapigo ya chini, hezi 30, na volti ndogo, mpandishe polepole hadi samaki wageuke kuelekea kwenye pete ya umeme ya mashine. Mkiona mistari myeusi ubavuni mwa samaki, mmezidisha. Msitumie wakati wa kutaga mayai. Na mashine ya kuunga nyumbani ni ya kuua watu, si ya kuhesabu samaki.

Tumekwenda mara tatu, hatukumwona hata mmoja. Ametoweka?

Inategemea akiwepo mnamwona mara ngapi. Tuseme kwenye sehemu ambako mna hakika yupo, hujitokeza katika ziara 4 kati ya 10. Uwezekano wa kumkosa mara moja ni 0.6, mara tatu mfululizo ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani karibu 0.22. Kwa maneno mengine, kati ya sehemu 5 ambazo yupo, moja hivi mngeitangaza tupu kimakosa. Ili kosa lishuke chini ya asilimia 5 mnahitaji ziara 6. Akiwa msiri zaidi, anaonekana ziara 2 kati ya 10, mnahitaji 14. Kwa hiyo tafuteni kwanza uwezekano wa kumwona, kwa kurudia ziara kwenye vipande kadhaa, ndipo mseme kuhusu vilivyo vitupu.

Hapa vinasaba vya majini vinasaidia sana. Samaki huacha ute, magamba na kinyesi, na maabara huweza kugundua DNA yake ndani ya maji yaliyochujwa. Chukueni sampuli 3 za lita 2 kila kituo, mkianzia chini ya mto na kupanda juu, bila kukanyaga maji yaliyo juu ya mnapochota. Glavu mpya kila kituo. Chujio la mikroni 0.45 huziba haraka kwenye maji ya tope. Tumieni lenye matundu makubwa zaidi, na andikeni lita zilizopita kweli, si mlizokusudia. Chujio liende kwenye ethanoli mara moja, gizani na kwenye ubaridi. Kila siku ya kazi chujeni pia maji safi mliyoyaleta wenyewe. Sampuli hiyo ikitoa DNA ya samaki, vifaa vyenu vina uchafu na matokeo ya siku hiyo yatupwe. Vifaa vioshwe kwa klorini na kusuuzwa vizuri.

Jibu la ndiyo halimaanishi samaki yupo mlipochota. DNA husafiri na maji mamia ya mita, wakati mwingine kilomita kadhaa, na ndege mla samaki anaweza kuidondosha popote. Haisemi wapo wangapi, wala kama wanazaa. Ulizeni pia kama kipimo kimejaribiwa kwa ndugu zake wa karibu wanaoishi mto uleule. Jibu la hapana nalo lina uwezekano wake wa kukosa, kwa hesabu ileile ya juu.

Kwa nini tusivae miwani ya kuzamia tukawahesabu tu?

Maji yakiwa angavu kwa mita 3 au 4, fanyeni. Watu wawili, wakipanda kinyume cha mkondo, kila mmoja upande wake, bila kuambiana idadi hadi watoke. Kama mmoja ana 14 na mwingine 22 kwenye kilindi kimoja walichopita kwa zamu, mmeshajua ukubwa wa kosa lenu. Spishi zinazojificha mchana zihesabiwe usiku kwa tochi. Hesabu ya namna hii bado ni ya walioonekana tu, isipokuwa mahali padogo kama Devils Hole, pango lenye maji huko Nevada, Marekani, ambako wapiga mbizi huwahesabu samaki wote wa spishi moja. Aprili 2013 walikuwa 35.

Tukishakuwa na idadi ya kila mwaka, tutajuaje kwamba kupungua ni kwa kweli? Na tukipata samaki waliokufa mtegoni tufanye nini?

Rudini kwenye ile mifano miwili ya alama. Kwa kazi kubwa, yenye mashaka ya 38 kwa kila mwaka (ndiyo yaliyozidishwa kwa 1.96 yakawa 75), tofauti ya miaka miwili ina mashaka ya karibu 54. Nayo yakizidishwa kwa 1.96, idadi lazima ishuke zaidi ya samaki 105, theluthi na ushei, ndipo muweze kusema kitu. Kwa kazi ndogo, yenye mashaka ya 88, lazima washuke samaki 243 kati ya 293. Yaani zaidi ya 8 kati ya 10 wapotee ndipo daftari lenu litambue. Ikumbukwe kwamba kwa vigezo vya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kupungua kwa asilimia 80 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu tayari kunaweza kuiweka spishi kwenye daraja la hatari kubwa kabisa. Kwa hiyo msilinganishe mwaka na mwaka. Changanueni mfululizo mzima, na badala ya kufanya kazi ndogo kila mwaka, afadhali kubwa kila baada ya miaka miwili mitatu, huku vituo vichache vya kudumu vikipimwa kila mwaka. Vingine vichaguliwe kwa kura, maana vituo vya kudumu huchaguliwa palipo na samaki wengi, navyo siku zote huelekea kushuka.

Hesabuni wakomavu peke yao. Vigezo vya IUCN vya 50, 250 na 1,000, mipaka ya idadi kwa madaraja ya hatari, ni vya samaki walio tayari kuzaa, wala si vifaranga, ambao mwaka mmoja wa mvua njema huwafurisha na ukame ukawafyeka.

Kuhusu mitego: vifo vingi hutokea usiku, hewa inapopungua majini. Wekeni boya ndani ya mkia wa mtego ili sehemu ibaki juu ya maji. Kobe na fisi-maji nao wapate kupumua. Tegeni jioni, tegueni alfajiri, kabla maji hayajapata joto. Mkikuta mkunga au kambare mkubwa ndani, tumbo lake huenda lina samaki mliokuja kuwahesabu, basi weka kizuizi cha mdomo kinachopitisha wadogo tu. Aliyekufa apimwe urefu, atiwe kwenye ethanoli pamoja na tarehe na kituo, na atolewe kwenye W kama alikuwa na alama. Vifo vikizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibali, tegueni mitego yote siku hiyohiyo na kutoa taarifa kabla ya kurudi mtoni.